Mfuko wenye dawa kumi na mbili: kisa cha bibi aliyeshuka sukari alfajiri

Alfajiri, mjukuu anayesoma kidato cha pili alimkuta bibi yake kaanguka nje ya mlango wa choo. Kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka, na anachosema hakieleweki. Jirani akasema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine akasema kiharusi. Bajaji ikaitwa.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Bibi huyu si mtu mmoja. Ameundwa kwa mambo yanayoonekana tena na tena kwa wazee wa miji ya pwani, na tumemweka Tanga. Ana miaka 77 na uzito wa kilo 54. Ana presha kwa zaidi ya miaka kumi, kisukari kwa miaka tisa, na magoti yanayomsumbua. Hajawahi kupata kiharusi wala mshtuko wa moyo. Binti yake yuko Dar es Salaam na humtumia dawa kwa basi. Nyumbani anaishi na mjukuu.

Mapokezi walianza kwa kumchoma kidole, na ndivyo inavyotakiwa kwa mzee yeyote aliyechanganyikiwa, kabla hata ya kuuliza kadi. Sukari ilikuwa milimoli 2.1 kwa lita. Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka. Chini ya 3.0 ubongo wenyewe unakosa chakula. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Kama angechomwa kwinini kwa kubahatisha, sukari ingeshuka zaidi, kwa sababu kwinini nayo huchochea kongosho kumwaga insulini.

Aliwekewa mililita 200 za glukosi ya asilimia 10 kwa dakika 15, yaani gramu 20 za sukari. Akafumbua macho, akamtambua mjukuu, akaomba maji. Kipimo kikasoma 6.8.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mgonjwa kaamka, ndugu wanafurahi, anaambiwa ale vizuri aende nyumbani. Lakini dawa yake ya sukari ilikuwa glibenklamidi. Hii hukaa mwilini muda mrefu, mabaki yake baada ya kupita kwenye ini bado yana nguvu ya kushusha sukari, na sehemu kubwa ya mabaki hayo hutolewa na figo. Figo zikichoka, sukari hushuka, hupandishwa, kisha hushuka tena, hata baada ya siku nzima au zaidi. Ndivyo ilivyokuwa: saa tatu baada ya kuamka, kipimo kilirudi 3.1. Akawekewa dripu ya glukosi, akapimwa kila saa, akalala wodini siku tatu.

Vipimo vingine vya asubuhi hiyo: kreatinini (kipimo cha figo) 186, potasiamu 5.6 (imepanda), sodiamu 127 (imeshuka). Presha akiwa amelala 112/64. Jioni, alipoweza kusimama, ilipimwa tena baada ya dakika moja ikawa 88/50, na macho yakamwingia giza. Miezi minne nyuma kreatinini yake ilikuwa 97, na karatasi ya maabara ile haikuwa na alama yoyote ya tahadhari.

Kumwaga mfuko mezani

Kadi ya kliniki ilikuwa na dawa sita. Muuguzi akamwomba mjukuu arudi nyumbani alete kila kitu: kilicho juu ya kabati, kilicho chini ya mto, kilichoko jikoni, hata chupa isiyo na lebo. Alirudi na mfuko wa rambo. Ukamwagwa juu ya meza, kitu kimoja kimoja kikainuliwa.

"Shikamoo bibi. Hiki ni cha nini?"

"Marahaba. Hicho cha presha, mwanangu."

"Na hiki?"

"Hicho nacho cha presha. Kile alikileta mama yake huyu."

Vyote viwili vilikuwa losatani. Kimoja ni losatani peke yake miligramu 50, kutoka dirisha la wazee. Kingine, chenye jina la kampuni kubwa kwenye boksi, ni losatani 50 iliyochanganywa na hidroklorothiazidi 12.5, dawa ya kukojoza. Herufi kubwa zilisema jina la biashara. Jina la dawa yenyewe lilikuwa chini, kwa maandishi madogo ambayo mtu mwenye mtoto wa jicho hawezi kuyasoma. Binti alitaka kumsaidia mama yake, na mama akawa anakunywa dozi mara mbili bila kujua.

Hivi ndivyo vilivyokuwa mezani: losatani mara mbili kama ilivyoelezwa, amlodipini 10, furosemidi 40 asubuhi, glibenklamidi 5 asubuhi na jioni, metformini, nayo ya sukari, 850 asubuhi na jioni, aspirini 75, kidonge cha diklofenaki 50 kilichochanganywa na parasetamoli asubuhi na jioni, amitriptilini 25 usiku, diazepamu 5 usiku, Piriton 4 usiku, na chupa ya soda iliyojaa maji ya mshubiri. Vidonge kumi na vinne kwa siku, na kikombe cha mshubiri.

Vingine vilikuwa kwenye vibahasha vya duka la dawa, vimeandikwa kwa kalamu "1x2" au "1x1", bila jina. Kibahasha cha furosemidi na cha glibenklamidi vilifanana, na vidonge vyote viwili ni vyeupe, vidogo, vya duara. Bibi alivitofautisha kwa kukumbuka kipi kiko kwenye bahasha iliyopasuka pembe.

Kwa kila dawa kuna maswali matano ya kuuliza: ni ya nini, nani aliiandika, tangu lini, unaimeza vipi kweli (siyo kadi inasemaje), na baada ya kuianza kuna kitu gani kipya ulikiona. Swali la tano ndilo lililofungua kisa hiki.

Mnyororo

Ukipanga dawa hizi kwa tarehe zilipoanza, siyo kwa magonjwa, unaona nyingi ziliingia kutibu madhara ya zile zilizotangulia.

Presha ilipokuwa haishuki, amlodipini ilipandishwa kutoka 5 hadi 10. Baada ya wiki chache miguu ikavimba. Hili ni dhara la kawaida la amlodipini, na huongezeka kadiri dozi inavyopanda: mishipa midogo inayoingiza damu hulegea kuliko inayoitoa, na maji huvujia kwenye vifundo vya miguu. Mwili hauna maji ya ziada. Yamehama tu mahali. Akapewa furosemidi. Kwa uvimbe wa aina hii dawa ya kukojoza haisaidii sana, ila inakausha damu, inapoteza chumvi, na inamwamsha mtu. Bibi alikuwa akiimeza saa kumi alasiri badala ya asubuhi, ili asihangaike na choo akiwa sokoni. Kwa hiyo aliamka usiku mara nne. Akalalamika hapati usingizi, akapata diazepamu.

Tawi la pili. Nyayo zilikuwa zinawaka moto. Ikasemwa ni kisukari kimekula mishipa ya fahamu, akaandikiwa amitriptilini. Inawezekana ni kisukari kweli. Lakini mtu aliyekunywa metformini miaka tisa anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo huchoma nyayo vilevile. Hakuna aliyempima. Amitriptilini ikamkausha mdomo na kumfunga choo. Kwa choo kigumu akashauriwa mshubiri na shoga yake. Utomvu mchungu wa mshubiri husukuma utumbo kwa nguvu. Aliongeza kikombe, akaharisha siku tatu, akapoteza hamu ya kula, lakini dawa hakuacha hata moja. Kliniki wamemkaripia mara nyingi kwa kuruka dozi.

Tawi la tatu ni diklofenaki ya magoti, aliyoinunua mwenyewe kwa miezi mitatu. Yeye anaijua kama "dawa ya maumivu", hivyo hakuitaja kliniki. Dawa za kundi hili hupandisha presha, na inawezekana kabisa ndizo zilizofanya amlodipini ipandishwe. Pia hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio za figo.

Sasa weka pamoja. Losatani inalegeza mshipa wa kutokea wa chujio, diklofenaki inabana wa kuingilia, furosemidi na hidroklorothiazidi zinapunguza maji, na mshubiri unamalizia yaliyobaki. Shinikizo la kuchuja linaisha. Kwa mtu mwenye maji ya kutosha figo huweza kuhimili; kwa mzee aliyeharisha siku tatu, haziwezi. Figo zikagoma, glibenklamidi ikarundikana, hali chakula hakuna. Usiku huo alimeza pia diazepamu, amitriptilini na Piriton, zote tatu za kulewesha ubongo, akaamka gizani kwenda chooni na presha inayoporomoka akisimama.

Hakuna hata mmoja katika mnyororo huu aliyefanya kitu cha ajabu. Tabibu wa presha alikuwa na sababu, wa miguu alikuwa na sababu, muuza duka alikuwa na sababu, shoga alikuwa na huruma. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuangalia mfuko mzima.

Kreatinini ya 97 iliyodanganya

Kreatinini hutoka kwenye misuli. Bibi mwembamba ana misuli michache, hivyo hutengeneza kreatinini kidogo, na namba yake huonekana nzuri hata figo zikiwa zimepungua sana. Kabla ya kuandika dozi kwa mzee, piga hesabu hii: toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito wa kilo, zidisha kwa 1.04 kama ni mwanamke au 1.23 kama ni mwanamume, kisha gawanya kwa kreatinini ya mikromoli.

Kwa bibi huyu: 63 mara 54 mara 1.04 ni karibu 3538. Ukigawanya kwa 97 unapata 36. Yaani miezi minne kabla ya kuanguka, karatasi ikiwa safi kabisa, figo zake zilikuwa zinasafisha mililita 36 tu kwa dakika. Tayari hapo glibenklamidi haikumfaa na diklofenaki ilikuwa hatari. Kwa 186 hesabu inatoa 19, na hata hiyo ni matumaini makubwa, kwa sababu hesabu hii inahitaji kreatinini iliyotulia, na yake ilikuwa bado inapanda.

Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inasema glibenklamidi haiwafai watu wenye zaidi ya miaka 60. Bado wazee wengi wanaimeza kwa sababu ni rahisi bei na ipo stoo. Kama kituo chako kina gliklazidi, dawa ya sukari ya kundi lilelile, hakuna sababu ya kumwachia mzee glibenklamidi.

Kutoa dawa, kwa mpangilio

Kosa la kwanza mtu anapoona mfuko kama huu ni kuacha kila kitu siku moja. La pili ni kuogopa kugusa chochote. Tulizigawa kwa haraka ya hatari.

Siku hiyohiyo zilisimama glibenklamidi, diklofenaki na mshubiri, moja kwa moja. Losatani zote mbili, furosemidi na metformini zilisimamishwa mpaka figo zijulikane. Hidroklorothiazidi haikurudishwa kamwe, kwa sababu ya sodiamu ya 127. Thiazidi kwa bibi mwembamba ni sababu ya kawaida ya sodiamu kushuka, na amitriptilini huchangia. Alipewa maji ya chumvi mililita 500 taratibu, mapafu yakisikilizwa kabla na baada. Sodiamu iliachwa ipande polepole, isizidi 8 kwa saa 24, maana ikipandishwa kwa kasi huumiza shina la ubongo. Kwa potasiamu ya 5.6 alipimwa umeme wa moyo, haukuonyesha tatizo, na siku ya tatu ikawa 4.6 bila dawa nyingine.

Furosemidi haikurudi. Kabla ya kuamua hivyo ilibidi kuhakikisha moyo haujachoka: halazimiki kulala kwa mito mitatu, haamki akihema, mishipa ya shingo haijajaa, mapafu ni makavu. Kama kungekuwa na moyo kushindwa kufanya kazi, furosemidi ingebaki. Amlodipini ikarudishwa 5. Uvimbe ulipungua ndani ya wiki mbili.

Aspirini ilileta mjadala. Kwa mtu ambaye hajawahi kupata kiharusi wala mshtuko wa moyo, katika umri huu, hatari ya kutoka damu tumboni huzidi faida, ikasimamishwa. Msomaji mwenye mzee aliyewahi kupata kiharusi au kuwekewa kizibuo (stenti) cha mshipa wa moyo asiige hapa. Kwake yeye aspirini ni ulinzi, na kuiacha ghafla kunaweza kumuua.

Piriton ilikuwa ya mwasho. Ngozi ilikuwa kavu tu. Akapaka mafuta mazito ya mgando mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na akapunguza sabuni. Amitriptilini ilipunguzwa hadi nusu kidonge kwa wiki mbili, kisha ikaachwa. Vitamini B12 alichomwa mikrogramu 1000 siku moja ndiyo, moja hapana, na moto wa nyayo ulianza kupoa mwezi wa pili. Haukuisha wote.

Diazepamu ndiyo ngumu kuliko zote. Ameimeza kila usiku kwa miezi minane. Ukiikata ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege. Alibadilishiwa vidonge vya miligramu 2 ili kupunguza kuwe rahisi: miligramu 4 kwa wiki mbili, miligramu 3 kwa wiki mbili, 2, kisha 1, halafu basi. Wiki ya tatu usingizi ulikata kabisa siku nne mfululizo, na mjukuu kwa huruma akanunua kidonge cha 5 dukani. Hili litokee lisitokee, familia iambiwe mapema: usingizi mbaya wa siku kadhaa baada ya kila hatua ni wa kutarajiwa, hupita, na jibu ni kubaki kwenye hatua hiyo wiki moja zaidi. Kwa kuwa furosemidi ya alasiri haikuwepo tena, aliamka chooni mara moja badala ya nne, na hilo lilimsaidia kulala kuliko dawa.

Magoti: parasetamoli vidonge viwili vya 500, isizidi mara tatu kwa siku, baada ya kuhakikisha hamezi tena kile cha mchanganyiko. Bakora ishikwe mkono ulio kinyume na goti linalouma zaidi. Na zoezi moja: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu, hesabu mpaka tano, shusha, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni.

Presha ya 158 na hofu yake

Wiki ya pili presha ilisoma 158/88. Binti alipiga simu akitaka dawa zote zirudishwe. Zisirudishwe. Presha ya 158 kwa wiki mbili haimuui bibi. Kuanguka na kuvunjika nyonga kunaweza kummaliza. Kreatinini ilipotulia 101 wiki ya tatu, losatani ilirudi, moja tu, 50, na ile ya kutoka Dar ikatolewa nyumbani. Baada ya siku kumi damu ilipimwa tena: kreatinini 112, potasiamu 4.9. Kreatinini kupanda kidogo baada ya losatani ni kawaida. Kukizidi asilimia 30 ndipo unasimama na kutafuta sababu.

Sukari nayo ilihitaji lengo jipya. Wastani wake wa miezi mitatu (kipimo cha HbA1c) ulikuwa asilimia 6.3, na kadi ilikuwa imeandikwa "vizuri sana". Kwa mzee wa miaka 77 anayetumia dawa zinazoweza kushusha sukari, 6.3 inakuambia kwamba huenda inashuka usiku bila mtu kujua. Lengo liliwekwa kati ya 7.5 na 8. (Kama mzee ana upungufu wa damu au selimundu, kipimo hiki hudanganya, tegemea vidole.) Metformini ilirudi 500 asubuhi na jioni. Baada ya miezi mitatu wastani ulikuwa 7.6, na hapakuwa na haja ya kuongeza kitu.

Kadi ya ukutani

Kadi moja ilibandikwa ukutani kwa maandishi makubwa: jina la dawa yenyewe na siyo la boksi, ni ya nini, asubuhi ngapi, usiku ngapi. Vidonge havikutolewa kwenye karatasi zake kuwekwa kwenye kisanduku, kwa sababu unyevu wa pwani huviharibu. Mjukuu hukata karatasi kwa mkasi, kidonge na ganda lake, na kuvipanga kila Jumapili. Binti aliombwa atume hela badala ya dawa.

Chini ya kadi kuna maneno haya: "Ukiharisha, ukitapika, au usipoweza kula: ACHA losatani na metformini. Kunywa maji ya ORS. Zirudie ukishakula na kunywa vizuri siku moja hadi mbili. Ukichanganyikiwa au ukitoka jasho baridi: vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, kama unaweza kumeza, kisha hospitali." Ramadhani inapokaribia, kadi hiyo huletwa kliniki wiki sita kabla, metformini ipangwe kwa futari na daku, na kwanza iamuliwe kama afunge au la.

Mwezi wa tatu mfuko ulimwagwa tena mezani. Presha akiwa amelala 146/78, amesimama 138/74, bila kizunguzungu. Amlodipini 5, losatani 50, metformini mbili, parasetamoli. Na kibahasha kimoja kipya, kimeandikwa "1x1 usiku", bila jina. Jirani alimpa kwa ajili ya mafua. Ilikuwa Piriton. Alikuwa ameshameza tatu, na asubuhi ya pili alishindwa kukumbuka siku. Kibahasha kikabaki kliniki, na kwenye kadi ukaongezwa mstari mmoja kwa wino mwekundu: "Dawa ya mafua ya dukani au ya jirani: uliza kwanza."